Ree ya kopa: "Namtaka mwenza, kitanda sikitaki"

Shikamoo Bi Somo,

Nina miaka 33, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Huu ni mwaka wa saba niko Uingereza, mji wa Leicester, naendesha basi. Nakuandikia kwa sababu mama ameshanipatia mchumba na mambo yanakwenda mbio kuliko mimi.

Kabla hujafika mbali: mimi si shoga. Naomba hilo liwe wazi, maana nikieleza yanayofuata watu wote hukimbilia hapo.

Tangu balehe nilidhani wenzangu wanatia chumvi. Tukikaa barazani baada ya isha, msichana akipita maneno yanamwagika, mimi nasoma kanga yake imeandikwa nini. Nikajiambia siku yangu itafika. Chuoni nikapata mpenzi, tukadumu miaka miwili. Nilimpenda, wallahi. Tulipika pamoja, tulikwenda Pangani kutazama bahari, nikimshika mkono roho inatulia. Lakini yale ya chumbani, Mungu anisamehe, kwangu yalikuwa kama zamu ya usiku: unaingia kwa kuwa umepangiwa. Akaniuliza kama nina mwingine. Sikuwa naye. Hakuniamini, akaondoka, sasa ana watoto watatu.

Nimejitibu. Supu ya pweza nimeinywa mpaka muuzaji akawa ananiwekea bakuli kabla sijafika. Rafiki alinipa vumbi la Kongo, moyo ukadunda usiku kucha, hamu haikuja. Mama akanipeleka kwa shekhe, nikanywa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa, siku saba. Huku daktari amenipima homoni, sukari, damu yote: salama. Na usinielewe vibaya, mwili wangu unafanya kazi, asubuhi naamka kama wanaume wengine. Ila haumtaki mtu. Si mwanamke, si mwanamume.

Mwaka jana nikakutana na neno aseksuali, mtu asiyevutiwa kimwili na yeyote. Nilikuwa depo, basi tupu, nikasoma kwenye simu mpaka mlinzi akaja kugonga kioo. Nilihisi kama mtu ameniita kwa jina langu.

Kazini kuna mama wa Kiingereza anayeishi na mke wake. Nilimwambia, akanialika kwenye mkutano wa jamii yao ya LGBTQIA, yaani mashoga, wasagaji na wengineo, akasema hata herufi yangu, ile A ya aseksuali, imo. Nikaenda. Kulikuwa na kijana Mganda aliyekimbia kwao. Nilipomaliza kujieleza akaniuliza kwa Kiswahili: "Ndugu yangu, wewe polisi walikufuata lini? Ukitaka kuoa kesho si kwenu watakupigia ngoma?" Nikakosa jibu. Mwingine, Mwingereza, akaniambia kwa upole kwamba labda mimi ni shoga ambaye bado hajajikubali, nijipe muda. Niliondoka kabla ya chai.

Upande wa pili nako hakuna nafuu. Kundi letu la WhatsApp la vijana wa Tanga limejaa "jogoo wako anapanda mtungi?" Mmoja aliandika neno moja tu, hanithi, na vikatuni vya kucheka. Nikacheka na mimi.

Sasa mchumba. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 27. Tumezungumza kwa simu mara nne na napenda anavyofikiri. Baba mdogo anataka kupeleka barua ya posa Mfungo Mosi. Wachache niliowadokezea wananiambia oa, hayo mengine yatakuja yenyewe. Je, nioe ninyamaze? Na mimi hasa ni wa upande gani?

Dereva, Leicester

*

Marahaba, mwanangu.

Maswali yako ni mawili, moja lina tarehe na jingine halina. Naanza na lisilo na tarehe, kwa sababu barua yako nzima inalizunguka hilo, huyo mwalimu umempa mistari ya mwisho tu.

Daktari amekwambia u mzima, nami nakuomba umwamini. Unga usiojua umetiwa nini, ukaunywa na moyo ukadunda mpaka alfajiri, usiuguse tena. Kombe halina neno, lakini hapakuwa na kitu cha kutoa.

Watu kama wewe walikuwapo kabla ya simu na intaneti. Mwaka 1948 Mmarekani Alfred Kinsey alichapisha utafiti wake juu ya wanaume. Aliwapanga kwenye mizani ya sifuri mpaka sita, sifuri wakiwa wanaotaka wanawake tu, sita wanaotaka wanaume tu. Akabaki na wengine ambao hawakai popote kwenye mizani ile. Unajua aliwafanyaje? Aliwawekea herufi X, akaendelea na kazi yake. Mtu ameandika kitabu kinene juu ya hamu, wasio nayo wakapata herufi moja! Zaidi ya nusu karne baadaye, 2004, mwanasaikolojia wa Kanada, Anthony Bogaert, alirudi kwenye majibu ya utafiti mkubwa wa taifa uliofanywa hukohuko Uingereza, watu zaidi ya 18,000. Akakuta kama mmoja katika kila mia amechagua jibu linalosema hajapata kuvutiwa kimwili na mtu yeyote. Basi lako la ghorofa likijaa asubuhi, huenda mwenzio mmoja ameshakugongea kadi na hamkutambuana.

Waliokupa neno lile ulilolisoma depo walianza kukusanyika kwa wingi baada ya 2001, kijana mmoja wa Marekani, David Jay, alipofungua mtandao uitwao AVEN. Jina lao la Kiingereza wakalikata likawa "ace", ambalo ndilo jina la karata tunayoiita ree. Kwa hiyo wakajichukulia ree kuwa alama, na wakagawana: asiyetaka mwili wala mapenzi ni ree ya shupaza; asiyetaka mwili ila moyo wake unataka mtu wa kupika naye na kushikana mikono Pangani, huyo ni ree ya kopa. Nadhani umeshajiona. Wengine huvaa pete nyeusi kidole cha kati cha mkono wa kulia. Hulazimiki kuvaa kitu, nakwambia tu ili siku ukiiona mkononi mwa abiria ujue unatazama nini.

Nije kwenye neno ulilolicheka. Hanithi katika Kiswahili chetu lina vyumba viwili. Humo ndani kuna mwanamume asiyeweza mwanamke, na humohumo kuna mwanamume anayelala na wanaume. Lugha haikuona haja ya kuwatenganisha. Kwa aliyekutupia neno lile, mwanamume ni yule anayemtaka mwanamke na kulionyesha hilo, na wote waliobaki ni fungu moja. Hakukuuliza wewe ni wa chumba kipi. Ndiyo maana ile sentensi yako ya mwanzo, "mimi si shoga", imenikalia kooni. Ni kweli, na una haki ya kuisema. Lakini tazama umeiweka wapi: kabla ya jina la mchumba, kabla ya maradhi, kabla ya kila kitu, kama mtu anayepiga hodi huku amenyanyua mikono. Fimbo unayoikwepa ndiyo inayompiga yule Mganda, na ikimkosa yeye inakupata wewe. Sikwambii ujiite kitu ambacho si wewe. Nakwambia usijisafishe kwa kumpaka mwingine.

Hata vitabu vya madaktari viliwaweka jirani. Ushoga ulikuwa kwenye orodha ya maradhi ya akili ya madaktari wa Marekani mpaka 1973 walipoutoa. Kutokuwa na hamu kumebaki humo kwa majina mbalimbali, na ni katika toleo la 2013 ndipo walipoandika kwamba mtu anayejitambua kuwa aseksuali asipewe jina la ugonjwa. Miaka 40 baada ya wenziwe. Na jimbo la New York, lilipopitisha mwaka 2002 sheria ya kuzuia watu kubaguliwa kwa sababu ya mvuto wao, liliwaandika waaseksuali waziwazi pamoja na mashoga na wengine. Kwa hiyo yule mama wa kazini hakukudanganya. Herufi imo, ingawa ndani ya nyumba yenyewe wamegombana sana juu yake, wapo walioshikilia kwamba ile A ya mwishoni ni ya marafiki wanaowaunga mkono tu.

Lakini Mganda naye nisikilizie. Kwao kuna sheria ya 2023 inayompa anayelala na mtu wa jinsia yake kifungo cha maisha, na kwa baadhi ya makosa kifo. Hapa kwetu Kanuni ya Adhabu inaanzia miaka 30. Wewe hakuna sheria ya Tanga wala ya Kampala inayokufuata, kwa kuwa sheria hizo zinaadhibu tendo, na wewe huna tendo. Mtaani ukikaa bila kuoa na ukawa unaswali jamaa, wazee watasema kijana ana heshima, ametulia. Una pazia ambalo yeye hakupewa. Alichokosea ni kudhani anayestahili kukaa kwenye mkutano ule ni yule tu aliyepigwa vya kutosha. Pazia lenyewe, nawe unalijua, lina tarehe: siku mama anapoleta picha ya binti, linaondolewa. Kama utarudi kule, mtafute yeye kwanza. Mwambie hukuwa na jibu siku ile na bado huna, na muulize habari za kwao. Nadhani mtaelewana kuliko wewe na yule mpole aliyekwambia hujajikubali. Huyo wa pili, kwa kweli, ndiye aliyeniudhi. Wao wenyewe walichoshwa na watu wa kuwaambia "utakutana na mwanamke anayekufaa, utabadilika", leo anageuza shati lilelile upande wa ndani na kukuvisha wewe.

Na dini, maana najua lipo nyuma ya pazia. Fungua Suratun Nur, aya ya 31, inapowataja wale ambao mwanamke halazimiki kujifunika mapambo yake mbele yao: baba, ndugu, watoto wadogo, na wamo wafuasi wanaume wasio na matamanio. Wafasiri wametofautiana wanaokusudiwa ni nani, wengine wamesema wazee sana, wengine wenye akili pungufu, wengine wasio na haja na wanawake kabisa. Mimi si mwanachuoni, sikupi fatwa. Nakuonyesha tu kwamba mwanamume asiye na matamanio ametajwa, tena bila kulaaniwa, karne nyingi kabla hujajiona wa ajabu barazani Ngamiani.

Umeniuliza u wa upande gani. Ukija likizo Tanga wanakuita mtu wa Ulaya. Leicester wanakuita Mwafrika. Hilo hujawahi kuniandikia, unaishi nalo; na hili utaishi nalo vivyo hivyo.

Haya, sasa yenye tarehe.

Miaka mingi nyuma nilimfunda binti mmoja, na nikawa kungwi wake siku za fungate. Usiku wa tatu bwana harusi alitoka chumbani akaja kukaa nami uani, tukapiga soga mpaka jogoo akawika, mtu wa maneno matamu kabisa. Kisarawanda, kile kitambaa cha kuonyesha ubikira wa bibi harusi, hakikutoka siku ile, wala ya nne, wala ya saba. Unadhani alilaumiwa nani? Hakulaumiwa yeye. Wazee walisema binti hakufundwa, hajui kujipamba, ana jini. Na mimi niliyemfunda, ili nisionekane nimeshindwa kazi, nikasema nao. Alikaa katika ndoa ile miaka sita, akijifukiza udi kila Alhamisi kwa mume asiye na pua ya udi ule. Alitoka na talaka akiwa na yakini kwamba ana sura mbaya. Yule bwana sijui alikuwa nani, hakumwambia mtu, na siwezi kumpa jina leo. Nilichokiona ni kwamba alinyamaza, na kimya chake kikalipwa na mkewe. Nimefunda mabinti wengi baada ya huyo na kila mara namkumbuka.

Kwa hiyo jibu langu: usioe ukanyamaza. Wanaokwambia yatakuja yenyewe hawatakuwa chumbani.

Usichukulie pia kwamba ni siri yenu wawili tu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inairuhusu mahakama kuibatilisha ndoa ikiwa mmoja hakuweza tendo tangu mwanzo au amelikataa makusudi. Fikihi yetu ya Kishafii ina mlango wake, mke wa mume asiyeweza akilalamika kwa kadhi, mume hupewa mwaka mmoja. Wewe unaweza, lakini eleza hilo mbele ya wazee! Huko uliko sheria ya 1973 inasema kama ya kwetu, na ina kichekesho chake. Walipohalalisha ndoa za jinsia moja England na Wales mwaka 2013, kipengele hicho hawakukipeleka kwenye ndoa hizo. Kwa hiyo yule mama wa kazini na mkewe, mahakama haina haja na kitanda chao. Wewe na mwalimu mkigombana, kitanda kitaitwa shahidi. Hapo ndipo unapoona kwamba hata kwenye njia kuu ya mume na mke, ambako watu wanadhani umefika nyumbani, kuna kituo cha ukaguzi.

Kabla hujamwambia, jiulize mwenyewe mambo matatu ambayo barua yako imeyaruka. Tendo lenyewe linakuchukiza, au ni zamu tu, unaweza kuingia kwa ajili ya mtu unayempenda, mara moja moja, bila kujichukia asubuhi? Wapo waaseksuali wa namna zote mbili na jibu lako linabadilisha kila kitu utakachomwambia. Pili, watoto. Unawataka? Tatu, akikubali leo na akachoka baada ya miaka minne, uko tayari kumwachia njia bila kumfanya mbaya?

Halafu mpigie wewe. Usimtume mshenga, usimtume dada yako, wala usimwandikie, maana maandishi husafiri. Na usianze na neno aseksuali, atadhani umeingia chama. Sema kwa Kiswahili chako: "Mwalimu, napenda mazungumzo yetu na nataka tuyafanye maisha. Lakini kuna jambo ni haki yako kulijua kabla ya barua. Mimi sina ile hamu ya mwili ambayo wanaume wengi wanayo. Sina mwingine, siumwi, na haihusiani na uzuri wako. Nimekuwa hivi tangu nilipojijua." Kisha nyamaza. Acha aulize, hata akiuliza vibaya. Akikuuliza wewe ni hanithi, usikate simu, mwambie ulivyoniambia mimi. Na ukishamwambia kuhusu watoto na zamu, usiahidi zaidi ya ulichojipima nacho, kwa kuwa mapenzi ya simu yana uongo mtamu.

Anaweza kukataa. Ana miaka 27, ana mwili wake na haki zake, na kutaka kwake si uchafu kama kutotaka kwako kusivyo ugonjwa. Anaweza pia kusema, na Tanga ni ndogo, jambo likafika barazani kabla ya magharibi. Hiyo ni hatari ya kweli na sikufichi. Naiona ndogo kuliko miaka sita ya udi. Na yumkini, siahidi, akapumua upande wa pili wa simu, kwa sababu wako wanawake pia, na mimi kungwi nimewafunda bila kuwauliza hata siku moja kama njaa ninayoifundisha wanayo. Mjane mwenye watoto wake, mwanamke aliyechoshwa na habari hizo, mwanamke ree kama wewe: ndoa za maelewano za watu hao zipo, hawazitangazi tu. Ikishindikana kwa mwalimu, mwambie mama atafute huko, au asitafute.

Mama mwenyewe si lazima umweleze yote. Baba mdogo usimweleze chochote, namjua baba mdogo wa kila mtu.

Mpigie Jumamosi mchana, siku ambayo hayuko shuleni na nyumbani watu wako sokoni. Kisha mpe wiki mbili. Mama akikuuliza barua iende lini, mwambie bado hujaomba likizo kazini, na usiiombe kwanza.

Bi Somo